Kumsindikiza Bi Sindano

Bi Sindano alikuwa mjane, fundi cherehani aliyestaafu, mguu wake wa kushoto mbovu, na alifuga paka mvivu aliyelala juu ya vitambaa vya watu. Mtaa mzima ulimpenda. Kila asubuhi aliingia kwenye kundi la simu la mtaani, kundi lenye watu wengi kuliko waliowahi kusalimiana barabarani, akawaamkia, akawatania, akawafundisha jinsi ya kutoa kutu kwenye nguo nyeupe. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuwepo. Bi Sindano alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, mwenye ndevu za kubahatisha, aliyeketi ghorofa ya pili juu ya duka la vigae, miguu yake ikilalamika ndani ya viatu vinavyobana.

Tumwite Mwandishi, maana ndiyo kazi aliyoipenda na ndiyo iliyomtupa. Zamani gazeti moja lilikuwa na safu ya ushauri wa ndoa iliyoandikwa na mtu aliyejiita Shangazi. Shangazi huyo alikuwa yeye. Wanawake walimwandikia machungu yao, naye akawajibu kwa upole, na hakuna hata mmoja aliyeshuku kwamba shangazi yao hunyoa kidevu. Gazeti likafa kama magazeti yanavyokufa siku hizi, polepole halafu ghafla, na Mwandishi akabaki nyumbani akitazamana na dari. Ndipo akaona tangazo: kampuni ya utafiti wa masoko inahitaji watu wanaojua kuzungumza na watu. Akajiona ametajwa.

Kampuni ilitoka ng'ambo. Ofisini kulikuwa na meza ndefu, kompyuta zilizopangwa ubavu kwa ubavu, mapazia yasiyofunguliwa mchana kutwa, na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo. Bosi mkubwa hakuwahi kufika. Alitokea kwenye skrini ya ukutani, akisema lugha yake huku mkalimani akimfuata nyuma, na wafanyakazi walimwita Bwana Grafu kwa kuwa hakuna mkutano aliowahi kuufungua bila mstari unaopanda au unaoshuka. Nyuma ya Bwana Grafu kulikuwa na mtu mwingine aliyeitwa tu "mteja". Mteja huyo hakuwa raia, hakuwa na kura, na pengine asingeweza kuionyesha nchi hii kwenye ramani bila kusaidiwa. Lakini alijali sana nani angekaa kwenye kile kiti kinachosaini mikataba ya madini.

Kila mfanyakazi alipewa watu wa kuwabuni. Jirani yake wa mezani alikuwa vijana watatu washabiki wa mpira na mchungaji mmoja. Mwandishi akambuni Bi Sindano. "Siasa baadaye," msimamizi aliwaambia, mtu nadhifu aliyekuwa na tabia mbaya ya kusimama nyuma ya viti vya watu. "Kwanza wapendwe."

Na kupendwa kulikuwa rahisi, kwa sababu Mwandishi hakulazimika kubuni mengi. Alimwazima marehemu mama yake. Mama yake alikuwa fundi cherehani, mguu wake ulikuwa mbovu, na alikuwa na msemo kwa kila tatizo la binadamu. "Usiilaumu sindano kwa uzi uliooza," alikuwa akisema, na Mwandishi alipouandika msemo huo kundini asubuhi moja, watu walimjaza mioyo na vicheko mpaka simu ikapata moto. Alijisikia vizuri. Ilikuwa kama mama yupo hai, ametoka tu kwenda dukani.

Shida ilianza mama mkwe alipoingia kundini.

Mama mkwe wake alikuwa trafiki mstaafu. Enzi zake alisimama katikati ya makutano makubwa na kusimamisha malori kwa kiganja kimoja, na alipostaafu alirudisha sare zote ila filimbi. Ndiyo maana mtaa ukamwita Mama Filimbi. Mwandishi alimwogopa kama mtoto anavyoogopa mwalimu wa zamu. Kwanza mkwe ni mkwe, kuna heshima yake na umbali wake. Halafu huyu alikuwa na macho ya kukagua leseni. Kila Jumapili Mwandishi na mkewe walipokwenda kumsalimia, alikaa ukingoni mwa kiti, akajibu "ndiyo, mama" na "hapana, mama", akala kama mtu anayeomba radhi kwa kila tonge, na alipotoka nje alivuta pumzi kana kwamba ametoka majini.

Sasa, siku moja, ujumbe wa faragha ukamfikia Bi Sindano. Mwandishi aliitambua picha mara moja: ile kofia nyeupe ya trafiki.

"Bi Sindano, habari za asubuhi. Mguu unasemaje? Yule paka ameamka?"

Hapo angeomba ahamishiwe kazi nyingine. Mtu mwenye akili timamu angefanya hivyo. Yeye akajibu: "Nzuri, mwenzangu. Mguu unalalama, paka analala." Na urafiki ukaanza.

Mama Filimbi, aliyekuwa mtu wa maneno machache kama ishara za barabarani, kwenye simu aliandika kama bomba lililopasuka. Alieleza jinsi ukimya wa nyumba unavyomkera tangu astaafu. Alieleza kuhusu goti lake, ambalo lilianza kumsaliti na ambalo hakutaka binti yake alijue. Kisha jioni moja akaandika:

"Mwenzangu, mimi nina mkwe. Mpole, ana adabu, binti yangu anampenda. Lakini tangu amuoe sijawahi kuyaona meno yake. Sijui ananichukia, sijui ananiogopa. Mungu hakunipa mtoto wa kiume, nikajua huyu ndiye. Sasa wa kwangu huyu amekaa kama mgeni wa njiani."

Mwandishi aliusoma, akausoma tena. Msimamizi alipopita akajifanya anakohoa.

Bi Sindano akajibu: "Shoga yangu, mwanamume akikunyamazia si lazima awe anakuchukia. Wengine hawajui tu waanzie wapi. Mrushie utani mmoja, uone."

Jumapili ile, mezani, Mama Filimbi akajikohoza, akanyoosha mgongo kama anayesoma mashtaka. "Siku moja nilisimamisha lori," alisema. "Kiti cha mbele kuna mbuzi, amefungwa mkanda vizuri kabisa. Nikamuuliza dereva, huyu nani? Akaniambia, afande, huyu ndiye utingo, ila leo haongei, tumegombana."

Mwandishi alicheka mpaka akapiga jagi la maji kwa kiwiko. Mkewe alimtazama kama mtu aliyeona sanamu likipiga chafya. Na kabla hata hawajafika nyumbani, Bi Sindano alikuwa ameshapata ujumbe: "Shoga! Ana meno! Yote!"

Tangu hapo Jumapili zikawa na raha. Ila raha yenyewe ilikuwa imekalia kuti kavu, naye alijua. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa inaelekea moja kwa moja kwenye siku ya kupiga kura.

Siku hiyo ilipokuwa inabisha hodi, Bwana Grafu akatokea ukutani na ramani. Mitaa ya upande wa pili wa reli ilikuwa imepakwa rangi nyekundu. Ndiko alikokaa Mama Filimbi. Ni mitaa ya wazee na akina mama wanaoamka mapema, wanaopanga foleni kabla makarani hawajafungua milango, na ambao kura zao mara nyingi ndizo huamua.

"Hatutaki kuwabadili mawazo," mkalimani alisema baada yake. "Hiyo ni kazi ndefu. Tunataka wakae nyumbani tu."

Msimamizi akaja kusimama nyuma ya kiti cha Mwandishi na karatasi ya maelekezo. Bi Sindano aseme kwamba watu wasiojulikana wamepita nyumbani kwake. Wamesema atakayeonekana kwenye foleni atapigwa. Yeye, na mguu wake, hatoki. Awasihi wenzake nao wasitoke. Wale wengine mezani wangeusambaza ujumbe huo na kuapa kwamba na wao wamesikia.

"Anapendwa," msimamizi alisema. "Wataamini."

Tusimsafishe. Aliandika. Angeweza kuinuka, akachukua koti lake, akashuka ngazi. Hakuinuka. Alifikiria kodi ya nyumba, akamfikiria mkewe, akajiambia kwamba asipoandika yeye ataandika mwingine, tena vibaya, na huo ndio uongo ambao watu wenye kipaji hujiambia tangu dunia iumbwe. Akaandika kwa sauti ya mama yake, kwa upole wa mama yake, "wanangu" ya mama yake. Alipobonyeza kutuma, alijisikia kama amemwibia marehemu sanda.

Hofu haikukawia. Lisemwalo lipo, watu wakaanza kuandika, kama halipo laja. Mmoja akasema bora uhai kuliko kura. Mwingine akasema mume wake ameshamkataza. Jioni, nyumbani, mkewe Mwandishi alisema huku akikunja nguo, "Jirani wa mama naye hatoki tena. Eti kuna kipigo. Hivi watu hawa wana roho gani, kutishia wazee?"

"Sijui," alisema Mwandishi.

Kesho yake, mkesha wa uchaguzi, alifungua kompyuta. Ujumbe wa Mama Filimbi ulikuwa unamsubiri.

"Mwenzangu, nimesoma. Pole sana. Lakini hutabaki ndani peke yako na hofu yako, haiwezekani, tupo. Niambie unakaa nyumba ipi. Tutakuja kukuchukua."

Hakujibu. Basi Mama Filimbi, ambaye hakuzoea kusubiri dereva ajiamulie, akahamia kwenye kundi la wote:

"Akina mama! Bi Sindano anaogopa, na mguu wake mnaujua. Kesho asubuhi tunakutana mbele ya duka la vioo. Tutamchukua nyumbani kwake, tutamweka katikati, tutakwenda naye mpaka kwenye sanduku. Anayemtaka yeye atupitie sisi kwanza."

Mwandishi aliitazama skrini kama anayetazama maji yatachemka lini. Kisha ikaja moja: "Mimi nitaleta kiti, asisimame kwenye foleni." Ikaja nyingine: "Mimi mwavuli." Yule aliyekatazwa na mumewe akaandika: "Nimemwambia siendi kupiga kura, naenda kumsindikiza mgonjwa. Kanyamaza." Halafu zikamiminika. Nakuja na kiti. Nakuja na mkongojo wa marehemu babu. Nakuja na mkwe wangu, ana mabega. Bi Sindano usiogope. Bi Sindano tupo.

Waliotaka kukaa ndani kwa ajili ya usalama wao walikuwa wanatoka kwa ajili ya usalama wa mwenzao. Hilo halikuwa kwenye ramani ya mtu.

Ukutani, Bwana Grafu alikuwa anatabasamu. Programu yake ilikuwa inapekua maneno ya mtaa: anaogopa, mgonjwa, mguu, pole, usiogope. Kila neno la hofu liliusukuma mstari juu, na mstari ulikuwa umepanda kama moshi. Akapiga makofi. Mkalimani, aliyekuwa akitafsiri alichoombwa tu, akapiga makofi pia. Msimamizi, macho yake yakiwa kwenye mstari, akampigapiga Mwandishi begani, akamwambia, "Umewaweza." Mwandishi akaomba ruhusa ya kwenda chooni, akajifungia, akacheka huku amejiziba mdomo kwa mkono wa shati, machozi yakimtoka. Tangu kazi hiyo ianze hakuwahi kujisikia mwepesi namna ile.

Wepesi ule haukufika mchana. Alipotoka, alikuta wenzake wanakusanya nyaya. Kazi imekwisha, amri ilikuwa imetoka, akaunti zote zifutwe. Alikuwa amepanga kuandika uongo mmoja wa mwisho, wa kheri: kwamba Bi Sindano amechukuliwa na mpwa wake, yupo salama, asisubiriwe. Alipokaa kitini, Bi Sindano hakuwepo tena, na safari hii hakuwepo kweli. Mahali pa picha ya cherehani palikuwa na duara la kijivu.

Jioni simu ya mkewe ikalia, na sauti ya Mama Filimbi ikajaa sebule bila msaada wa spika. "Amefutika! Bi Sindano amefutika kwenye simu! Kuna kitu kimempata. Mpe mkwe, yeye anajua mambo ya mitandao."

Mkewe akamnyooshea simu. Ilikuwa nzito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nitafutie huyu mtu anakaa wapi. Kesho tutapita nyumba kwa nyumba ikibidi. Siwezi kumwacha, baba. Ni rafiki yangu."

"Nitakuja asubuhi, mama," alisema Mwandishi. "Nitakuja mwenyewe."

Akakata simu, akakaa chini, na akamweleza mkewe kila kitu, kuanzia Shangazi wa gazetini hadi duara la kijivu. Alipomaliza, mkewe aliendelea kukunja shuka lilelile ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Uliniambia unafanya utafiti wa sabuni," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na mama yangu unamchezea, anakueleza siri zake, unarudi hapa unakula."

"Ndiyo."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako, mbele yake. Mimi nitakuwepo, lakini sitakubebea hata neno moja."

Kulipokucha walivuka reli kwa miguu. Mwandishi alikuwa amevaa viatu vyake vya zamani, visivyobana, maana aliona adhabu moja inatosha. Njiani aliomba akute watu wawili watatu tu. Walipokata kona ya duka la vioo, akasimama: barabara ilikuwa imejaa. Kulikuwa na viti vya plastiki, stuli za jikoni, miavuli, mkongojo wa marehemu babu, na hata kiti cha magurudumu kilichoazimwa zahanati. Kulikuwa na waume waliokuja shingo upande na wakwe wenye mabega. Katikati yao, wima kama nguzo, alisimama Mama Filimbi, filimbi shingoni.

"Umempata?" aliuliza kabla ya salamu.

"Nimempata, mama. Hatakuja."

Uso wa Mama Filimbi ukabadilika rangi. "Amekufa?"

"Hapana, mama. Hakuwahi kuzaliwa. Bi Sindano ni mimi."

Akasema yote pale pale, mbele ya viti. Mwanzoni alitafuta maneno, kisha yakaja yenyewe, kwa maana ukweli, ukishaanza kutoka, hauhitaji kusukumwa. Alisema kuhusu kampuni, kuhusu ramani nyekundu, kuhusu mteja asiyemjua. Alisema kwamba hakuna mtu aliyepita nyumba ya mtu, hakuna aliyetishia, kipigo chote kilitoka kwenye kompyuta yake.

Mwanamke mmoja akashusha kiti alichokibeba kichwani.

"Kwa hiyo na paka hakuna?" aliuliza, na ilionekana wazi kwamba hilo ndilo lililomuuma.

"Hakuna, mama. Nisamehe."

"Hata paka!"

"Na ile ya kutoa kutu kwa ndimu na chumvi?" mwingine akadakia. "Maana mimi nimeshawafundisha watu."

"Hiyo ni kweli. Ni ya mama yangu mzazi. Alikuwa fundi cherehani. Mguu ulikuwa wake, misemo ilikuwa yake. Mimi nilimwazima tu, na sikumwomba ruhusa, kwa sababu yuko kaburini."

Mama Filimbi alikuwa anamtazama kwa yale macho ya leseni, na Mwandishi, kwa mara ya kwanza, hakuyakimbia.

"Nilichokuandikia," alisema taratibu, "ulisoma wewe?"

"Nilisoma, mama."

"Chote? Na ya goti?"

"Goti gani?" akauliza binti yake kwa ukali.

"Nyamaza wewe." Mama Filimbi akageukia ukuta wa duka la vioo. Aliiona sura yake humo, na sura za wenzake wote nyuma yake wamesimama na viti. Alipogeuka tena, macho yake yalikuwa na maji, lakini sauti ilikuwa ya barabarani. "Na yale uliyonijibu? Yalikuwa ya kampuni?"

"Ya kampuni ni ule ujumbe wa kipigo tu. Mengine yalikuwa ya mama, na kidogo yangu."

"Kumbe nilikuwa nazungumza na mzazi mwenzangu," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. "Basi yeye hakunidanganya. Wewe ndiye uliyenidanganya." Akavuta pumzi. "Kwa nini walitaka sisi tusitoke? Mitaa yote hii, kwa nini sisi?"

"Kwa sababu nyinyi huwa mnatoka, mama."

Mtu mmoja akaguna. Mwingine nyuma akasema basi tumedanganywa, turudini, na kiti kimoja kikaanza kunyanyuliwa. Kama wangetawanyika sasa, kila mmoja na aibu yake, basi uongo wake ungekuwa umefanya kazi kwa njia ya mzunguko, na Bwana Grafu angepata mstari wake bila jasho.

Mama Filimbi akainua kiganja. Kile kiti kikasimama hewani, kama malori enzi zile.

"Baba," alimwambia mkwe wake. "Sasa hivi unaogopa?"

"Naogopa, mama."

"Sana?"

"Sana. Mpaka magoti."

Akawageukia wenzake. "Akina mama, jana tuliahidiana nini? Tulisema kuna mtu wetu anaogopa, tutamweka katikati, tutamsindikiza mpaka kwenye sanduku." Akamshika Mwandishi mkono, yeye ambaye tangu ndoa hakuwahi kumgusa ila kwa salamu. "Huyu hapa. Mbebesheni viti, twende."

Akapuliza filimbi.

Hivyo ndivyo Mwandishi alivyokwenda kupiga kura, viti vinne mgongoni, mwavuli kwapani, amezungukwa na akina mama waliokuwa wanamsuta na kumtania kwa zamu. Mmoja alimtaka ushauri wa ndoa hapohapo. Kwenye barabara kuu Mama Filimbi aliingia katikati, akanyoosha kiganja, na magari yakasimama pande zote mpaka wa mwisho, yule wa mkongojo, alipovuka. Walipopita mbele ya duka la vigae, Mwandishi akainua macho. Madirisha ya ghorofa ya pili yalikuwa wazi kwa mara ya kwanza, pazia moja linapepea nje, na ndani hapakuwa na mtu.

Kituo kilikuwa darasa la shule. Hakukuwa na kipigo wala wa kupiga. Kulikuwa na karani anayepiga miayo, askari aliyewaamkia wazee "shikamoo" mmoja mmoja mpaka akachoka, na foleni ndefu, ndefu kweli, iliyokunja kona ya uzio. Wazee walikaa kwenye viti, wakasogea na viti vyao, wakapokezana kile cha magurudumu kwa kukijaribu tu. Watu waliokuwa wamechungulia madirishani, walipoona msafara umepita salama, wakajiunga mkiani. Mwandishi alipotoka ndani na wino kidoleni, pumzi iliyomtoka ilikuwa ya miezi. Mkewe alikuwa anamsubiri uzioni. Hakutabasamu, lakini alimfuta jasho kwa upande wa kitambaa chake, na kwa siku hiyo Mwandishi hakuomba zaidi.

"Kesho unakwenda polisi kuandika maelezo," Mama Filimbi alimwambia, amekaa kwenye stuli, goti amelinyoosha mbele ya binti yake bila kificho. "Yote. Kampuni, ramani, huyo mteja."

"Watanifunga, mama?"

"Sijui, baba. Hilo siwezi kukuahidi. Ninachojua, nitakuwa nimekaa kwenye benchi la nje mpaka utoke."

Walirudi nyumbani mchana. Mwandishi alivua viatu, akajilaza kochini, na usingizi ukawa unamnyemelea, ule mzuri wa mtu asiye na cha kuficha, simu yake ilipolia. Ilikuwa simu yake mwenyewe, namba yake mwenyewe. Juu ya ujumbe kulikuwa na picha ndogo ya kofia nyeupe.

"Bi Sindano, shoga yangu," ulisema. "Leo mkwe wangu amenitia aibu mbele ya mtaa mzima. Hasira sijaimaliza. Lakini alikuja mwenyewe."

Aliusoma akiwa amelala chali, akakaa kitako, akausoma tena. Kisha akaanza kuandika jibu, na safari hii alianza na "Shikamoo, mama."